Daftari Nililokunywa

Nakuandikia wewe ambaye umepimwa moyo ukaambiwa mzima, ukapimwa tena mahali pengine ukaambiwa mzima, ukarudi nyumbani na karatasi zako, na ulipofika tu mlangoni moyo ukaanza kukimbia kama unafukuzwa. Wewe ndiye ninayekutafuta. Wengine wakisoma ni sawa, hakuna siri humu, lakini nimekaa chini kwa ajili yako.

Mimi naitwa Rajabu, mkulima wa mpunga na mahindi, Kilosa, upande wa bondeni. Shule nilikwenda kidogo, darasa la pili nikatoka. Herufi nilizinasa ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, ambako wanaume wa kijiji chetu tulihudhuria bila kukosa kwa sababu mwalimu alikuwa binti mzuri sana. Mama Zuhura, mke wangu, amepasoma hapa na amesema niache kama palivyo, kwani kijiji kizima kinajua. Binti yetu Zuhura ameninyooshea maneno yaliyopinda. Ukiona mahali pamenyooka kupita kiasi, hapo ni yeye.

Ugonjwa wangu ulianzia ndani ya kaburi. Ngoja nieleze taratibu, maana si kila msomaji ni Mwislamu, na si kila Mwislamu ameshaingia. Kwetu akifa mwanamke, wanaoshuka kaburini kumpokea ni wanaume wa damu yake, wale ambao asingeweza kuolewa nao. Wenzao walio juu wanashika shuka na kulitandaza kufunika kaburi lote, ili asionekane anapoteremshwa. Kwa hiyo nyinyi mlio chini mnabaki humo kwenye nusu giza, udongo kila upande, joto, na harufu ya udi na kafuri. Mimi nilishashuka mara nyingi, nikawa nasifiwa kwamba Rajabu ana mkono mtulivu.

Siku tunamzika mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ilikuwa kiangazi, saa za mchana, na nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana yake. Shuka likatandazwa. Mara moyo ukaanza. Ulikuwa unapiga kama mtu aliyefungiwa chumbani anagonga mlango. Vidole vikafa ganzi, midomo ikafa ganzi, pumzi ikawa inaingia lakini haifiki inakokwenda. Nikasema kimoyomoyo: nakufa, nakufa hapa hapa, na watanizika na mama mdogo wasipate tabu ya kuchimba lingine. Nikapanda. Nilimkanyaga mwenzangu begani, nikatokeza juu na shuka kichwani mbele ya watu wote.

Sasa nina mtani wangu, Kitojo. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, na kazi ya mtani kwenye msiba ni kutania, ili watu wasizame kwenye kilio. Kitojo akanitazama nilivyo na shuka langu, akasema kwa sauti ya kutosha, "Jamani, huyu kafufuka na kiyama bado." Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa natafuta pumzi.

Tangu siku ile moyo ukawa unaanza wakati wowote. Nikiwa shambani, nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa nimekaa tu nasikiliza redio. Nikaenda hospitali. Hapo nikajifunza mabenchi. Mtu aliyekaa mabenchi mengi anajua lipi lina mguu mfupi na upande gani jua halifiki. Nilikuwa nakaa karibu na mlango wa daktari, ili nikianguka nianguke karibu. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinitazama, akanitilia karanga kiganjani bila kuniuliza lolote, nikazila moja moja, na kwa muda wa karanga zile sikuumwa. Yule mama sikumjua, na nikikutana naye leo sitamtambua.

Wakanibana mkono kwa kile kitambaa cha presha. Wakanibandika waya kifuani wakachora umeme wa moyo. Daktari akaitazama ile karatasi yenye vilima vilima, akasema, "Mzee, moyo wako ni wa kijana." Utafikiri ningefurahi. Nilitoka pale nimekata tamaa kuliko nilivyoingia, kwa sababu kama hawauoni ugonjwa, wataufukuzaje?

Nikaanza kujilinda. Niliacha mnada, kule kuna watu wengi. Msikitini nikahama safu za mbele, nikawa naswali karibu na viatu. Shamba la mbali nikalikodisha. Popote nilipokwenda nilibeba chupa ya maji, na tangawizi mfukoni, na Mama Zuhura pembeni. Alinisindikiza hadi chooni, akawa anasimama nje anakohoa ili nijue yupo. Nilipungua, suruali nikawa naifunga kwa kamba ya katani. Kulala nililala nimekaa. Masika ikapita hivyo, na mavuno ya mpunga yakapita, wengine wakivuna mimi nahesabu mapigo shingoni.

Mama Zuhura ni mwanamke mvumilivu, lakini siku moja aliweka ndoo chini akaniuliza, "Baba Zuhura, hivi mimi nimeolewa na mgonjwa au nimeolewa na ugonjwa?" Dada yake alikuwa anaumwa, na alishindwa kwenda kumwona kwa sababu yangu. Akaamini nimetupiwa kitu na watu. Tulikwenda kwa mwalimu wa chuo cha dini, akaniandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaosha kwa maji na marashi, nikanywa. Nilitulia siku mbili. Sisemi vibaya juu ya kombe. Nasema tu siku ya tatu moyo ulirudi.

Lakini kilichoniuma hasa hakikuwa moyo, kilikuwa dada yangu. Dada Mwajuma ndiye aliyenilea. Alikuwa mrefu, mkali, na hakujaliwa mtoto. Mume alishatangulia. Mimi nimejaliwa mabinti watupu, na wajukuu wa kiume bado wanacheza na matairi. Kwa hiyo mwanaume wa damu yake, wa kumpokea kaburini, alikuwa mimi peke yangu. Nilipoanza kutembea na chupa aliniita kwake, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

"Rajabu, mimi nani atanishika kichwa?"

"Dada, wewe utaishi."

"Sikukuuliza hilo."

Nikatazama chini. Akasema, "Watanishusha wanaume wasionihusu, kama gunia, na ndugu yangu yuko nyumbani ameshika chupa." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Misiba yote iliyofuata kijijini sikwenda, nikawa natuma salamu. Unajua kwetu mtu asiyezika anavyotazamwa. Watu hawakugombezi, wanakusalimia tu kwa ufupi.

Vuli ilipoanza, Zuhura, ambaye ameolewa Mikumi, akapiga simu. Amesikia kuna hospitali kule ina nesi anayeshughulika na watu wa namna yangu. Namna gani? Hakusema. Tukapanda gari la kupitia kijiji cha Ulaya, mimi nimekaa dirishani nimekumbatia chupa, Mama Zuhura amenishika mkono kama tunavuka mto. Mikumi yenyewe unaijua, malori yamejipanga kandokando ya barabara kubwa, na ngedere wanaokutazama kama wewe ndiye umekuja kwao kuiba.

Benchi la pale lilikuwa na watu watatu tu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, wewe unaumwa nini?" Nikasema moyo. Akasema, "Moyo ni dirisha lile kule. Hapa ni akili." Nikainuka niondoke. Mama Zuhura akanivuta kanzu, nikakaa.

Nesi alikuwa binti wa watu wa Vidunda, kule milimani, jina lake Yustina.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mimi si mwendawazimu."

"Sijasema hivyo, baba. Karibu ukae. Hiyo chupa ni ya nini?"

"Ya kunywa moyo ukianza."

"Ukinywa unatulia?"

"Unatulia."

"Baada ya muda gani?"

Nikafikiri. "Kama robo saa. Siku nyingine nusu."

"Na siku ukisahau chupa?"

Mama Zuhura akadakia, "Siku ile ya harusi ya jirani alisahau. Alitulia vile vile, robo saa."

"Nani kakuuliza?" nikasema.

"Namwambia nesi."

Nesi Yustina hakucheka, lakini aliandika. Akaniuliza mambo ambayo daktari wa waya hakuniuliza. Moyo ukianza, unajiambia nini? Nikasema najiambia nitakufa leo. Ukishajiambia hivyo, moyo unafanyaje? Unazidi. Ukizidi, unafanyaje wewe? Nakimbia. Ukishakimbia, kesho yake mahali pale unapaonaje? Napaogopa zaidi. Akachora duara kwenye karatasi, wazo hapa, mwili hapa, woga hapa, kukimbia hapa, na mshale unarudi ulikotoka. Nikaona ni sawasawa na ng'ombe wa kinu cha kukamua alizeti, anazunguka siku nzima na hafiki.

Akasema, "Baba, huku Mikumi watu wanalinda mahindi, tembo asiingie. Wanapiga debe. Sasa ukiwa na mlinzi mwoga, anapiga debe kila jani likitikisika. Debe linalia kweli, mimi sikatai, nalisikia. Nauliza tu, tembo yuko wapi?"

Mkwe wangu, mume wa Zuhura, ni mlinzi wa aina hiyo hasa. Mwaka mmoja aliita majirani wote kwa sababu ya mbuzi wake mwenyewe. Kwa hiyo nilimwelewa nesi vizuri. Lakini kuelewa na kupona si kitu kimoja, nikamwambia nataka vidonge. Akasema kwa hali yangu tuanze bila vidonge. Akanipa daftari la shule, jembamba, amelipiga mistari kwa mkono wake, na kila ukurasa una vyumba vinne: nini kimetokea, wazo gani limepita kichwani, mwili umefanya nini, na mimi nimefanya nini. Niandike kila siku, nirudi baada ya wiki mbili.

Njiani Mama Zuhura hakusema kitu mpaka tulipopita Ulaya. Ndipo akasema, "Safari yote hii, tumepewa daftari."

Tulipofika nyumbani tukalitazama lile daftari mezani. Niliandika ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya biki, herufi kubwa kubwa. Kwenye chumba cha wazo nikaandika NITAKUFA LEO. Kisha tukakaa. Sasa tufanye nini nalo? Mama Zuhura akasema, "Maandishi ya tiba hayawekwi kabatini." Nikasema lakini haya nimeandika mimi. Akasema mistari kaipiga nesi, mkono wake umo. Na kweli, mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kupewa maandishi na mtu wa tiba nikaambiwa niyatazame tu. Yanaoshwa, yananywewa. Nesi hakutaja, tukaona ni jambo ambalo kila mtu mzima analijua.

Basi. Kila jioni naandika ukurasa. Asubuhi Mama Zuhura anauchana, anauloweka kwenye bakuli la maji ya moto, anatia marashi kidogo. Wino wa biki hautoki kama zafarani. Unabaki kwenye karatasi kwa ukaidi, maji yanageuka rangi ya anga la mawingu. Nikafumba macho nikanywa, kabla ya kula chochote, siku kumi na nne. Vipande vya karatasi vilinikwama kooni, navyo nikavimeza, nisipunguze nguvu ya dawa.

Wiki mbili zikaisha, tukarudi Mikumi. Nesi Yustina akafungua daftari, akakuta majalada mawili na kurasa nyeupe za mwisho.

"Baba, kurasa ziko wapi?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Dozi."

Akamtazama Mama Zuhura. Mama Zuhura akaeleza kwa fahari, "Asubuhi, kabla ya chai, na marashi."

Yule binti aligeukia ukutani. Niliona mabega yanatikisika. Nilidhani tumemwudhi, kumbe anacheka, na anajitahidi asicheke kwa heshima ya umri wangu. Alipogeuka alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti.

"Nisamehe baba. Uliandika nini kwenye chumba cha wazo?"

"Nitakufa leo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Sina maneno mengi."

"Kwa hiyo umekunywa 'nitakufa leo' siku kumi na nne."

"Ndiyo."

"Na leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tano."

Nje lori likawa linashusha gia. Kuna kitu kilikuwa kinanijia polepole kama maji ya mfereji yanavyofika shamba la mwisho.

Nikasema, "Basi halijui."

"Nani halijui?"

"Hilo wazo. Limesema mara kumi na nne, limekosea mara kumi na nne. Mpiga ramli wa namna hiyo ningeshamfukuza."

Nesi Yustina akasema pole pole, "Baba, hilo nilipanga kukufundisha miezi mitatu." Kisha akaniambia wino nisinywe tena, tumbo langu halina kosa.

Sikupona siku ile. Usije ukafunga hapa ukadhani nimepona. Lakini siku ile ndipo nilipojua kwamba wazo ni maneno. Linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa si kweli, linahitaji kuulizwa kama unavyomwuliza mgeni anayebisha hodi. Kabla ya hapo nilikuwa nalifungulia mlango na kulikaribisha kitini.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kazi, na kazi nyingine za aibu. Mara moja alinisimamisha katikati ya chumba, akaniambia nirukeruke. Mimi, mzee mwenye kanzu. Nikaishika kanzu, nikaruka, Mama Zuhura anahesabu. Moyo ukapanda, pumzi ikakata, vidole vikawasha. "Unaumwa?" akaniuliza. Nikasema hapana, nimeruka. "Mwili ule ule, moyo ule ule. Tofauti nini?" Tofauti ilikuwa kwamba nilijua sababu, kwa hiyo sikujitabiria kifo. Nikakaa, moyo ukashuka wenyewe, na chupa ilikuwa kwenye mkoba wa Mama Zuhura, hakuna aliyeigusa.

Kisha tukatengeneza ngazi. Chini kabisa jambo la kuogopesha kidogo, juu kabisa kubwa kuliko yote. Chini niliweka kwenda dukani bila chupa. Juu niliweka kaburi la mwanamke, chini ya shuka. Kila kipandio nikae mpaka woga ushuke wenyewe, nisikimbie katikati, kwa sababu ukikimbia katikati, woga unadhani ndio uliokuokoa. Nesi alisema hivyo, na ndiyo maneno yake niliyoyashika kuliko mengine yote.

Kitojo alizipata habari za daftari. Nani alimwambia, Mungu anajua, nami namjua pia, tunalala chumba kimoja. Nikawa napita kwenye kijiwe cha kahawa, siku yangu ya kwanza bila chupa, Kitojo akapaza sauti: "Mpisheni mzee akae. Mtani, nikupe kahawa au nikuchanie gazeti?"

Nikasema, "Gazeti lina habari za ukoo wenu, litaniharisha."

Wakacheka wote, na Kitojo akacheka kuliko wote. Nikakaa. Nilikaa saa nzima. Moyo ulianza mara mbili ukaacha.

Nilipomsimulia nesi, akaniuliza, "Huyo Kitojo akikuambia utakufa leo, utafanyaje?"

"Ananiambia kila siku. Anasema nimeshakufa, natembea tu kwa sababu sanda imechelewa."

"Na wewe?"

"Namwambia sanda yenyewe wameiba wao."

"Hukasiriki?"

"Mtani hakasirikiwi."

"Na unafanya anachosema?"

"Nani anamfuata mtani?"

"Basi wazo lako nalo lifanye mtani," akasema. "Likija, lisalimie, lijibu, endelea na kazi yako."

Hili, ndugu yangu unayesoma, mimi lilinifaa kuliko yote. Sijui wewe kwenu mna watani au hamna. Kupigana na wazo nilishapigana, linazidi nguvu. Kulitii nilishalitii, lilininyang'anya shamba na msikiti na karibu linyang'anye na mke. Lakini kulitania, hapo halikuwa na la kufanya.

Nilianguka mara moja. Masika ya pili, Ijumaa, nilihamia safu ya katikati, watu wamebanana, mvua inapiga bati, nikatoka mbio kabla ya swala kwisha. Nilijificha ndani siku kadhaa. Nesi akapiga simu.

"Umeandika, baba?"

"Nimeandika nimeshindwa."

"Ulikaa dakika ngapi?"

"Kama kumi."

"Mwezi uliopita ulikaa ngapi?"

"Mbili."

"Basi hebu soma tena ulichoandika, uone kama kinalingana."

Nikasoma tena. Hakikulingana. Ijumaa iliyofuata nilirudi pale pale katikati. Mahindi yalipofika kiunoni nikaanza kwenda misibani, nikakaa na wenzangu mkekani. Nikabeba jeneza. Nikasimama ukingoni mwa kaburi. Nikashika shuka, kwanza pembe moja. Shamba la mbali nikalirudisha mikononi mwangu. Mama Zuhura akaenda kwa dada yake, akakaa mwezi mzima bila hata kupiga simu, na aliporudi alikuwa amenenepa. Nami suruali zilikataa kamba, nikanunua mkanda.

Dada Mwajuma alikuwa ananitazama tu, hasemi. Siku moja tu aliniuliza, nikiwa nampelekea samli, "Umebakiza nini?" Nikasema nimebakiza kipandio kimoja. Akasema, "Usinisubirie." Sikuelewa ananihimiza au ananiaga, na sikuthubutu kuuliza.

Kabla sijamalizia, neno moja la kukushika mkono. Nenda upimwe kwanza, usije ukakaa na moyo mbovu kweli kwa sababu ya hadithi ya mzee Rajabu. Ukiambiwa mzima, usione aibu ya dirisha la pili. Wale watatu wa kwenye benchi tunasalimiana mpaka leo. Na ukipewa daftari, liandike tu. Kunywa, nimeshakunywa kwa niaba yako.

Dada Mwajuma alifariki kiangazi kilichofuata, asubuhi, ameshakunywa chai, ameegemea ukuta jua likimpiga miguuni. Aliyeenda kumwita akadhani amesinzia. Ningependa nife hivyo.

Alasiri tukampeleka. Wachimbaji walikuwa bado wananyoosha pembe, na Kitojo alikuwa amejifunga kanga ya marehemu na kushika fimbo yake, anatembea kwa ule mwendo wake hasa, amenyooka shingo, anawagombeza: "Nyinyi vijana, mmenipima na nani? Mnataka nikunje miguu mpaka kiyama?" Wakacheka, wakaongeza urefu. Na kweli lilikuwa fupi.

Nikavua viatu, nikashuka upande wa kichwa. Wenzangu wawili wa msikitini wakashuka upande wa miguu. Shuka likatandazwa, mwanga ukawa wa kijani, maana lilikuwa shuka la kijani. Kafuri ikanipanda puani. Moyo ukaanza, kama nilivyotegemea, na vidole vikaanza. Na wazo likaja, halikuchelewa: utakufa humu.

Nikalijibu: umesema kweli, mtani, humu humu. Lakini leo ni zamu ya dada.

Moyo haukutulia, nisikudanganye. Ulikuwa unagonga vile vile. Nikausikiliza kama unavyosikiliza mvua ukiwa na kazi ya ndani. Mikono ikaja na dada yangu kutoka juu, nikampokea kichwa. Alikuwa mwepesi, yule mwanamke aliyenibeba mgongoni kuvuka mto. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, nikamfungua kamba ya sanda upande wa kichwani, nikalisogeza shavu lake kwenye udongo, nikaweka na bonge la udongo nyuma ya mgongo asigeuke. Sikuharakisha. Mwenzangu akaninong'oneza, "Mzee, tayari?" Nikasema bado kidogo, nikamnyooshea sanda begani, pale alipopenda kanga ikae.

Ndipo tukapanda. Kitojo alinipa mkono kunivuta, hakusema kitu, na kwa mtani kutosema kitu ni jambo kubwa.

Tulipomaliza dua watu wakatawanyika. Nilikuja nyuma yao peke yangu, viatu mkononi, udongo mwekundu mpaka magotini. Moyo ulikuwa bado unakimbia. Nikauacha ukimbie, mimi nikatembea polepole.